Mita Inazidisha, Lakini Kwa Nani? Spidi ya Dashibodi na Spidi ya Barabarani

Abiria akiwasha ramani ya simu ndani ya gari linalokwenda, ubishi huanza. Mshale wa dashibodi uko kwenye 80, simu inasema 76. Dereva anadai simu ndiyo mbovu. Abiria anasema gari ni la mtumba na mita yake imechoka. Mara nyingi wote wawili wamekosea. Simu iko sawa, na mita ni nzima. Mita hiyo ilitengenezwa kiwandani izidishe kidogo, na kiwanda kilifanya hivyo kwa kutii sheria.

Siku hizi madereva wengi wamelisikia jibu hilo, nalo limezaa hoja ya hatari: “Mita inazidisha, kwa hiyo nikiona 88 najua niko kwenye 80 tu.” Hoja hiyo ingeweza kushika kwa gari lililotoka kiwandani juzi, likiwa na matairi liliyozaliwa nayo. Magari mengi ya Afrika Mashariki hayako hivyo. Yamepita mikono miwili mitatu, yamebadilishwa matairi, mengine giaboksi, mengine dashibodi nzima. Kile kizidisho cha kiwandani kinaweza kuwa kimeongezeka, kimekwisha, au kimegeuka upande wa pili, na mwenye gari asijue.

Kinachohesabiwa ni mizunguko

Gari la kawaida halina kifaa kinachoitazama barabara na kupima kasi yake. Mita ya spidi huhesabu mizunguko, iwe ya gurudumu lenyewe au ya shafti inayokwenda sambamba nalo, kisha hukisia umbali uliokatwa. Ni kama mtu anayepima kiwanja kwa hatua: idadi ya hatua anaijua sawasawa, lakini urefu wa hatua aliukadiria siku ya kwanza na hajaupima tena. Hatua zikirefuka, yeye ataendelea kutaja idadi ileile ya mita.

Njia ya kuhesabu imebadilika sana. Mwaka 1902 Mjerumani Otto Schulze, mkazi wa Strasbourg, alipata hataza ya mita ya sumaku, na muundo wake ukatawala magari kwa sehemu kubwa ya karne iliyofuata. Waya unaozunguka ndani ya ala yake hutoka kwenye giaboksi hadi dashibodi, na mwisho wake huzungusha sumaku ndogo ndani ya kikombe cha alumini. Sumaku haikigusi kikombe. Kuzunguka kwake huzusha umeme ndani ya alumini, umeme huo huvuta kikombe kifuate, na springi nyembamba hukizuia. Pale mvuto wa sumaku na uzuio wa springi vinapolingana, mshale husimama.

Muundo huo ulikuwa rahisi na wa bei nafuu, ila kila sehemu yake ina namna ya kuzeeka. Sumaku ikififia, mvuto hupungua na mshale husoma chini. Springi ikilegea, mshale hupanda kupita kiasi. Joto nalo hubadilisha jinsi alumini inavyopitisha umeme. Kwa hiyo mita mbili zilizotoka kiwanda kimoja siku moja zingeweza, baada ya miaka 15, kupishana bila mtu kuzichokoa.

Kisha zikaja sensa. Viwango vya Japani viliweka kwamba shafti ya spidi izunguke mara 637 kwa kila kilomita. Sensa nyingi zilizofungwa hapo hutoa mapigo manne ya umeme kwa kila mzunguko, yaani mapigo 2,548 kwa kilomita, na dashibodi huyahesabu. Magari mapya zaidi hutumia sensa za breki za ABS zilizo kwenye kila gurudumu. Hesabu ya mapigo haizeeki kama springi, na pengine ndiyo sababu namba ya kidijitali huaminiwa kuliko mshale. Lakini usahihi wa kuhesabu si usahihi wa mwendo. Mita inayoandika 83 badala ya kuelekeza mshale karibu na 80 bado inazidisha urefu uliokadiriwa wa mzunguko mmoja kwa idadi ya mizunguko.

Aliyewahi kukwama kwenye tope au mchanga ameliona hili kwa macho yake. Anakanyaga mafuta, mshale unapanda hadi 40, na gari halijasogea. Mita haijakosea kazi yake. Gurudumu linazunguka kweli, na hilo ndilo jambo pekee mita inalolijua.

Sheria inayodai kosa

Kama kasoro zingekuwa hizo tu, tungetarajia nusu ya magari yazidishe na nusu yapunguze. Haiko hivyo. Magari mapya karibu yote hukosea upande mmoja, na sababu iko kwenye Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa, inayofuatwa na nchi za Ulaya, Japani na nyingine nyingi katika kuidhinisha magari. Kanuni hiyo ina masharti mawili. La kwanza: mita isionyeshe kamwe mwendo ulio chini ya mwendo halisi. La pili: ikizidisha, isipite asilimia 10 ya mwendo halisi ukijumlisha kilomita 4 kwa saa.

Hesabu yake ni pana kuliko wengi wanavyodhani. Gari lililo kwenye kilomita 50 kwa saa linaruhusiwa kuonyesha hadi 59. Lililo kwenye 80 linaweza kuonyesha 92, na lililo kwenye 100 linaweza kuonyesha 114. Ukigeuza hesabu, dereva anayesoma 80 kwenye gari lililopita mtihani huo anaweza kuwa kwenye 80 kamili, au kwenye 69 na ushei. Magari mengi hayafiki mpakani. Tofauti ya kawaida ni asilimia chache tu. Lakini upande mmoja wa mpaka umefungwa kabisa na mwingine umeachwa wazi.

Mhandisi akipewa masharti hayo, hana njia ila kulenga juu. Anajua kwamba matairi ya saizi moja kutoka viwanda viwili hayalingani kabisa. Anajua tairi jipya ni kubwa kuliko lililochakaa, na kwamba vipuri vya mita navyo hutofautiana kidogo. Akilenga sifuri kamili, sehemu kubwa ya magari yake itaangukia upande uliokatazwa. Kwa hiyo huongeza asilimia kadhaa makusudi, ili hata gari lenye mkusanyiko mbaya kabisa wa tofauti hizo lisionyeshe pungufu. Kizidisho hicho ni akiba ya usalama, na ya kisheria pia: hakuna kampuni inayotaka dereva aliyepigwa faini asimame mahakamani akidai mita ya gari ndiyo iliyomponza.

Nchi hazikukubaliana siku zote. Australia iliruhusu kosa la asilimia 10 kwa pande zote mbili kabla ya kuhamia utaratibu wa kimataifa kwa magari mapya kuanzia mwaka 2006. Marekani, kwa malori na mabasi ya biashara, kanuni ya shirikisho huridhika na tofauti isiyozidi maili 5 kwa saa, juu au chini, gari likiwa kwenye maili 50.

Linalotugusa zaidi ni la Japani, kwa sababu huko ndiko yalikotoka magari mengi yaliyotumika yanayoshushwa Mombasa na Dar es Salaam. Katika ukaguzi wa Japani gari huwekwa juu ya roli, na mita inapofika 40 mwendo halisi husomwa. Kwa gari lililotengenezwa kuanzia Januari 2007, mwendo halisi unatakiwa uwe kati ya kilomita 30.9 na 42.55 kwa saa. Kwa yaliyotengenezwa kabla ya hapo, mpaka wa juu ni 44.4. Maana yake ni kwamba gari la mwaka 2005 lingeweza kukaguliwa Japani, likafaulu, na likapakiwa melini huku mita yake ikisema 40 wakati gari liko kwenye 44. Imani kwamba “mita zote huzidisha” haikuwahi kuwa ahadi kwa magari hayo.

Tairi ndilo rula

Urefu wa hatua ya gari ni mzingo wa tairi, na mzingo huo umeandikwa ubavuni kwa yeyote anayejua kuusoma. Chukua 195/65R15. Upana ni milimita 195, kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana huo, na rimu ni inchi 15. Kipenyo chote kinakuwa milimita 634.5, na mzingo mita 1.99 hivi. Barabarani tairi hukaliwa na uzito wa gari, kwa hiyo mzunguko mmoja hukata umbali pungufu kidogo ya huo, na viwanda hulizingatia hilo.

Sasa tairi linachakaa. Likiwa jipya huwa na kashata ya milimita 8 hivi. Kiwango cha kulitupa katika nchi nyingi ni milimita 1.6. Kipenyo kimepungua karibu milimita 13, sawa na asilimia 2. Gurudumu dogo huzunguka mara nyingi zaidi kwa kilomita, kwa hiyo mita huzidisha zaidi kadiri matairi yanavyoelekea upara. Upepo nao huleta tofauti, ila ndogo kuliko inavyodaiwa, kwa sababu mkanda wa chuma ndani ya tairi la radiali hauruhusu mzingo kubadilika sana hata tairi linapobonyea.

Tofauti kubwa huja tunapobadilisha saizi. Rimu kubwa peke yake si tatizo: anayetoka 195/65R15 kwenda 205/55R16 amepandisha rimu kwa inchi nzima, lakini kimo cha ubavu kimeshuka, na kipenyo chote kimebadilika kwa chini ya nusu asilimia. Fundi anayejua kazi yake huchagua hivyo. Tatizo ni uchaguzi unaofanywa kwa bei au kwa macho. Gari lililokuja na 175/65R14 likifungwa 185/70R14 ili linyanyuke kidogo kwenye matuta, kipenyo hupanda kutoka milimita 583 hadi 615, ongezeko la asilimia 5.4. Tuseme mita yake ilikuwa ikizidisha asilimia 4 kutoka kiwandani, yaani ikisema 80 gari liko kwenye 77. Baada ya matairi mapya, ikisema 80 gari liko kwenye 81. Akiba yote imekwisha na deni limeanza.

Kwa magari ya porini hesabu ni kali zaidi. Kutoka 265/70R16 kwenda 285/75R16, badiliko linalopendwa na wanaokwenda mbugani, ni asilimia 7.3. Na kwa kuwa odometa huhesabu mizunguko ileile, gari hilo litaandika kilomita 100 wakati limekwenda 107. Mwenye gari anayelalamika kwamba tangu abadilishe matairi linakula mafuta anaweza kuwa na haki kwa sehemu, maana matairi mazito hula kweli. Sehemu nyingine ya malalamiko yake ni hesabu tu: anagawanya mafuta kwa kilomita za mita, ambayo haikuziona zote.

Matairi si kitu pekee kinachobadilishwa. Kwenye magari ambayo sensa iko kwenye giaboksi, giaboksi kutoka modeli nyingine au difu yenye idadi tofauti ya meno hubadilisha uwiano kati ya mapigo na umbali. Dashibodi iliyonunuliwa kwenye duka la vipuri vilivyotumika inaweza kuwa ilipangiwa idadi nyingine ya mapigo. Magari yaliyotoka Uingereza huja na mita za maili, na 50 iliyoandikwa kwa tarakimu kubwa hapo ni kilomita 80 kwa saa. Hakuna hata moja kati ya haya linalowasha taa ya hitilafu.

Mashahidi wa nje

Ubishi huu ulikuwa mgumu kuzuka zamani, kwa sababu dereva hakuwa na kipimo cha pili. Hadi Mei 2000 Marekani ilikuwa ikivuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia. Baada ya uvurugaji huo kukomeshwa, na simu za kisasa kuenea, kila abiria akawa na kipimo mfukoni.

Na ni kipimo kizuri. Kipokezi cha GPS huweza kukokotoa mwendo kutokana na jinsi masafa ya mawimbi ya setilaiti yanavyobadilika gari linaposogea. Penye anga wazi, gari likienda kwa mwendo mmoja, kosa huwa chini ya kilomita 1 kwa saa. Udhaifu wake ni mwingine. Huchelewa kidogo, kwa hiyo dereva anapokanyaga breki simu bado inasoma mwendo wa kabla ya breki. Kati ya majengo marefu hupotoka, na chini ya paa la zege hupotea kabisa. Simu inafaa kukuambia mita yako imepotoka kwa kiasi gani. Haifai kuchukua nafasi yake.

Shahidi mwingine ni tochi ya trafiki. Ya rada hutuma mawimbi na kusoma mabadiliko ya masafa yanaporudi. Ya leza hupima umbali mara nyingi ndani ya muda mfupi sana. Hakuna inayojali saizi ya matairi yako. Askari akisimama pembeni, rada husoma pungufu kidogo kwa sababu inaona ile sehemu tu ya mwendo inayomwelekea: asilimia 1.5 pembe ikiwa nyuzi 10, na asilimia 6 ikifika nyuzi 20. Jiometri hiyo humpendelea dereva. Kwa hiyo aliyeambiwa alikuwa kwenye 58 ilhali anakumbuka mshale ulikuwa kwenye 50 asikimbilie kulaumu tochi. Akague kwanza matairi yake, na kumbukumbu yake.

Kwa vyombo vya abiria jambo hili lina uzito wa pekee. Kenya, kanuni zilizoletwa na Waziri John Michuki mwaka 2003 na kuanza kutekelezwa Februari 2004 zilizitaka matatu kufunga vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Kidhibiti kinachotegemea mapigo ya sensa ya gari kinarithi makosa yote ya sensa hiyo. Kikipangwa gari likiwa na matairi fulani, kisha yakafungwa makubwa zaidi kwa asilimia 5, kitaanza kuzuia kwenye 84 huku kikiamini ni 80. Tanzania, mfumo wa VTS unaosimamiwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, hufuatilia mabasi kwa GPS. Dereva wa basi la mikoani basi ana mahakimu wawili, mmoja anayehesabu magurudumu na mwingine anayetazama kutoka angani, na wasipokubaliana ni wa angani atakayeaminiwa.

Mshale si odometa

Kuna tofauti moja inayosahaulika. Kanuni inayokataza mshale kupunguza haikudai umbali uzidishwe. Kwenye magari mengi ya kisasa kompyuta huongeza zile asilimia pale inapotuma namba kwenye mshale tu, na odometa hubaki karibu na ukweli. Ndiyo maana kifaa cha uchunguzi kikichomekwa kwenye soketi ya fundi mara nyingi husoma spidi ndogo kuliko dashibodi ya gari lilelile.

Odometa ikizidisha, pesa huingia kati. Katikati ya miaka ya 2000 huko Marekani, Honda ilikubali suluhu katika kesi iliyohusu magari takriban milioni 6, wateja wakidai odometa zinaharakisha umbali na hivyo kumaliza dhamana mapema. Kampuni ikaongeza umbali wa dhamana kwa asilimia 5. Mshale ukizidisha asilimia 5, dereva anachelewa dakika chache. Odometa ikizidisha kiasi hichohicho, mteja anapoteza haki aliyoilipia.

Kuijua mita yako

Mwenye gari anaweza kuipima mita yake bila fundi. Kwenye barabara kuu iliyonyooka na yenye nguzo za kilomita, dereva ashike mwendo mmoja, naye abiria ahesabu muda. Kwa kilomita 60 kwa saa, kila kilomita huchukua sekunde 60; kwa 80, sekunde 45; kwa 100, sekunde 36. Afadhali kupima kilomita tano mfululizo, kwa kuwa nguzo moja inaweza kuwa imesogea. Mshale ukiwa kwenye 80 na kilomita tano zikachukua dakika nne kamili, mwendo halisi ni 75. Simu yenye GPS mikononi mwa abiria itathibitisha. Zoezi lirudiwe kila saizi ya matairi inapobadilika.

Matokeo yake yatumike vipi? Gari likionekana linapunguza, jibu ni wazi: dereva ashushe mwendo, na fundi arekebishe matairi au mapigo. Gari likionekana linazidisha, kishawishi ni kuongeza mwendo hadi namba ya kweli ifike kwenye kikomo. Hapo hesabu ya nishati inastahili kukumbukwa. Nguvu ya kugonga hukua kwa mraba wa mwendo: kutoka 50 hadi 55, ongezeko la asilimia 10 kwenye mshale ni ongezeko la asilimia 21 kwenye nguvu inayompiga mtoto anayevuka barabara. Zile asilimia alizoongeza mhandisi hazikukusudiwa zimfaidishe dereva mwenye haraka. Ziliwekwa zifidie tairi jipya, kiwanda kingine na kipuri kilichotofautiana, mambo ambayo kwenye magari yetu hutokea mara nyingi kuliko alivyowazia.

Kwa gari jipya, sheria ndiyo inayosema mita itakosea upande gani. Kwa gari lililokwisha kupita kwa mafundi watatu, hakuna anayeweza kulisema hilo mpaka lipimwe. Dereva anayejisifu kuwa anajua mita zote huzidisha amejifunza habari ya gari la mtu mwingine.